Hamisheni Hema

Walisema alikuwa mtiifu. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki nyuma ya akina mama wa kwaya, pale msibani Bunda, kwao marehemu, jua limetusimamia utosini, na kijana mmoja mwenye suti iliyombana anasoma wasifu wa marehemu kwenye kipaza sauti. Alizaliwa, alibatizwa, alisoma, aliajiriwa, na kisha: "Alikuwa mwalimu mtiifu kwa viongozi wake, na kwa hiari yake mwenyewe aliomba kuhamia Bukima ili kuwatumikia watoto wa kijijini." Damu ilinipanda kichwani. Nikamgeukia mama aliyekaa jirani yangu, simfahamu hata jina, nikamwambia, "Uongo." Akanitazama, akasogeza kiti chake pembeni kidogo. Sikumlaumu. Watu wamezoea kuona machozi ya huzuni msibani, na yangu siku ile yalikuwa ya hasira tupu. Mwalimu Wegesa hakuwa mtiifu hata siku moja niliyomfahamu, na Bukima hakuomba kwenda. Alipelekwa. Na aliyempeleka alikuwa amekaa mbele kabisa, chini ya hema la viongozi, kwenye sofa iliyofunikwa kitambaa cheupe, mguu juu ya mguu, anaitikia kwa kichwa taratibu kila sentensi inaposomwa. Nilikuja kuambiwa kwamba wasifu ule ulipitia mikononi mwake kwanza, akaurekebisha.

Alikuwa mkuu wetu wa shule. Jina lake sitaliandika hapa. Amelitaja mwenyewe vya kutosha maishani mwake, na kuna hata darasa lina jina hilo mlangoni. Nitamwita Mkuu, kama tulivyomwita. Mimi leo ni mama mtu mzima, nina duka la misumari, rangi na mabati pale Kamunyonge, mjini Musoma, na wateja wangu wananijua kwamba sina maneno mengi. Lakini kuna mwaka mmoja wa ujana wangu ambao nikiukumbuka nikiwa nahesabu misumari, naipoteza hesabu, naanza upya. Ni mwaka niliokuwa kidato cha tatu kwenye shule ya bweni ya wasichana, nje kidogo ya Musoma, na mwalimu mmoja aliyetoka chuoni bado ananukia chaki mpya akaamua kutufundisha kupiga mpira kwa gongo.

Mchezo wenyewe unaitwa softboli. Mrushaji anarusha mpira, mpigaji anaupiga kwa gongo, kisha anakimbia kuzunguka vituo vinavyoitwa besi mpaka arudi pale alipoanzia. Mwalimu Wegesa alikuwa ameujifunza chuoni kwa mgeni fulani aliyepita, akaupenda kiasi cha kuondoka na magongo mawili ya alumini, glavu chache zilizochanika na mipira iliyokuwa imechoka. Siku ya kwanza alipotangaza mstarini kwamba jioni tukutane uwanjani kwa ajili ya gongo, mlinzi wetu wa getini, mzee aliyependa sana kinywaji cha jina hilo, alifika kabla yetu sote. Tulicheka mpaka tukakaa chini. Uwanja wetu ulikuwa na mawe pande zote, yale mawe makubwa ya Musoma yasiyong'oka, upepo wa ziwa unavuma mpaka mpira unapinda angani. Besi tulizishona kwa magunia ya pamba tukajaza pumba za mpunga. Panya walizila, tukashona nyingine. Mwalimu alikuwa mfupi, mwembamba, ana sauti kubwa isiyolingana na mwili wake, na alikuwa anavaa raba za kiume kwa sababu za kike za kukimbilia hakuzipata sokoni.

Miezi ya mwanzo nilikuwa mpigaji mbovu kuliko wote. Nilikuwa na nguvu, kila mtu aliliona hilo, kwa sababu nilibeba ndoo mbili za maji kutoka ziwani bila kupumzika. Lakini nikishika gongo nilikuwa naligeuza shoka. Nilipiga kutoka juu kwenda chini, mpira ukipita salama kabisa, na mimi nikizunguka kama mtu aliyesukumwa. Mwalimu alijaribu kila njia. Alinipanga miguu, akanishika viwiko, akanining'inizia mpira ndani ya soksi kwenye kamba ya kuanikia nguo ili niupige ukiwa umetulia. Hata uliotulia niliukosa. Wenzangu walianza kuniita Mchanja Kuni. Nilikuwa nalia bwenini, najifunika blanketi kichwani, halafu kesho yake narudi tena, kwa sababu nilikuwa nimeupenda mchezo ule kuliko kitu chochote walichowahi kunifundisha.

Siri ilitoka jikoni. Wanafunzi tulikuwa na zamu ya kumsaidia mpishi, na jioni moja zamu ilikuwa yangu. Jiko letu lilikuwa chumba kirefu cheusi kwa moshi, sufuria kubwa zimekaa juu ya mafiga ya saruji, dagaa wanachemka upande mmoja na maji ya ugali upande wa pili. Mpishi alitoka nje kugombana na mtu wa kuni, akaniachia ugali wa muhogo na mtama, ule mzito unaovutika, na mwiko mrefu kama kasia. Nikatazama mlangoni. Hakukuwa na mtu. Basi nikafanya nilichokuwa nafanyaga kila nikiwa peke yangu: nikabadilisha mikono. Wa kushoto nikauweka chini, karibu na ubapa wa mwiko, wa kulia nikaupandisha juu kwenye mkia. Nikasonga. Mwili mzima ukaingia kwenye kazi, kiuno kikaenda na mwiko, mgongo ukanyooka, ugali ukawa unageuka wenyewe.

"Nyangeta."

Alikuwa amesimama dirishani, kikombe mkononi, amekuja kuomba maji ya moto. Nilibadilisha mikono haraka mpaka mwiko ukanigonga kidevu.

"Nisamehe mwalimu, sirudii."

"Rudisha."

"Mwalimu, kweli sirudii."

"Nimesema rudisha mikono ilivyokuwa, usonge. Ugali utaungua."

Nikarudisha. Alinitazama mpaka ugali ukaiva. Kisha akaingia ndani, akaweka kikombe chini, akashika kichwa chake kwa mikono miwili. "We mtoto," alisema, "miezi yote hii unanipigiaga mpira na mikono ya mtu mwingine?"

Nilimweleza kile ambacho hakuna aliyewahi kuniuliza. Kwetu Buswahili, ugali uliosongwa kwa mkono wa kushoto wazee hawauli; mtoto akijulikana ameusonga hivyo, unamwagiwa mbwa, na yeye anasimama anatazama mbwa wakila. Shule ya msingi mwalimu alikuwa ananigonga vifundo vya vidole kwa ubao wa kufutia kila aliponikuta naandika na ule mkono. Nilijifunza kuandika, kula, kusalimia, kupokea na kutoa kwa mkono wa kulia, na nilijifunza vizuri. Gongo nalo nilipolishika nilidhani ni vilevile, kwamba hata huku kuna mkono wa adabu na mkono wa haya. Hakuna aliyenikataza. Nilijikataza mwenyewe, ndivyo walivyokuwa wamenifundisha vizuri. Mwalimu Wegesa alisikiliza, akanywa maji yake ya moto bila majani ya chai, akasema maneno ambayo sikuyategemea kutoka kwa mtu mzima: "Walikukosea sana, mwanangu."

Kuanzia kesho yake nilihamia upande wa pili. Hapa inabidi nieleze vizuri, maana ndipo shida yote ilipozaliwa. Mpigaji anasimama kando ya kibao cheupe kilicholazwa chini, tulikiita hom. Anayepiga kwa kulia anasimama upande mmoja wa kibao, uso umeelekea upande wa besi ya kwanza. Anayepiga kwa kushoto anasimama upande wa pili, na besi ya kwanza inakuwa mgongoni kwake. Hiyo tu. Tena ana faida, kwa sababu yuko hatua kadhaa karibu zaidi na besi anayokwenda kuikimbilia. Mwalimu aliponionyesha hilo kwa kuchora mchangani kwa kijiti, nilicheka kwa sauti. Mkono uliokuwa unafanya ugali umwagiwe mbwa, kumbe mahali fulani duniani ulikuwa unatafutwa.

Alinifundisha kila jioni nyuma ya chumba chake, kwenye nyumba za walimu. Gongo la kweli tulilitunza. Mimi nilipiga kwa mpini wa fagio, na yeye alinirushia magunzi ya mahindi, moja baada ya jingine, kutoka kwenye beseni. "Nguvu haitoki mkononi," alikuwa anasema. "Inatoka chini. Inapanda mguuni, inaingia kiunoni, mikono ni tarishi tu, inapeleka barua iliyoandikwa na kiuno." Nilipotanguliza mikono aliligonga beseni. Nilipoinua kichwa kutazama gunzi linakokwenda, aligonga tena. "Ukilitazama linakokwenda, haliendi! Litazame linapogongwa." Mguu wa nyuma aliniambia niuzungushe kama ninayezima kipisi cha sigara, viwiko nivikaze karibu na mbavu kama mtu anayepita na ndoo kwenye mlango mwembamba. Magunzi yalipokwisha tuliyaokota wote wawili, yeye akiwa ameinama kama mimi, kisha tukaingia ndani. Chumba chake kilikuwa na kitanda, jiko la mafuta ya taa, meza yenye madaftari ya kusahihisha na pazia la kitenge lililogawa kulala na kupika. Alinipa chai na michembe, viazi vikavu vilivyochemshwa na karanga, na tulikula bila kuongea sana. Nimekula kwenye hoteli kubwa tangu wakati ule, na bado nikiulizwa nilishiba wapi, nataja chumba kile.

Mwezi wa tano tulikwenda Butiama kucheza mechi ya kirafiki. Mpira wa kwanza uliorushwa niliupiga ukapita juu ya vichwa vya wote, ukavuka njia, ukaingia kwenye shamba la muhogo, mbuzi wakatawanyika. Nilizunguka besi zote natembea, mpira bado unatafutwa. Mlio ule wa alumini bado ninao masikioni, safi, bila mtetemo wowote mkononi. Mwalimu Wegesa alikuwa anaruka na raba zake za kiume, kofia imeanguka. Walimu wa Butiama walisema mbele yangu kwamba msichana huyu lazima aingie timu ya mkoa, na ndipo nilipoelewa maana yake. Timu ingechaguliwa mwezi uliofuata, Bunda, na shule moja ya Mwanza yenye kidato cha tano na cha sita ilikuwa imeahidi kuwapokea wasichana watakaochaguliwa, wakimaliza kidato cha nne, wasome na kucheza palepale. Shule yetu iliishia kidato cha nne. Kwa matokeo yangu ya darasani na hali ya nyumbani, mlango mwingine sikuwa nao. Nilipiga hesabu kama mtoto: gongo, Bunda, Mwanza. Siku hiyohiyo, mama mmoja mzee aliyekuwa anatazama mechi alinisogelea, akanishika mkono wa kushoto, akaugeuza, akautazama kiganjani kama anayekagua samaki, akauliza, "Huyu ni wa nani?" Maneno yake yalifika shuleni kwetu kabla sisi hatujamaliza kushuka kwenye lori.

Wiki iliyofuata nilikuwa na zamu ya kupeleka chai ofisini kwa walimu. Birika ni zito, sinia limejaa maandazi, nikasimama nje ya mlango kutafuta namna ya kubisha, na nikasikia jina la kwetu.

"Yule binti wa Buswahili," ilikuwa sauti ya Mkuu, "hivi anapigaga kushoto kweli, au watu wananitania?"

"Anapiga vizuri, Mkuu," alijibu Mwalimu Wegesa.

"Sikuuliza kama ni vizuri. Sikiliza mwalimu. Bunda anakuja mgeni rasmi, mtu mzito. Kamati ya maandalizi ni mimi. Hema nimeshapanga likae upande wa besi ya kwanza, ili jua limkae mgongoni asiumie macho. Sasa nimesimama mwenyewe nikapima. Yule binti akikaa upande wake huo, anamgeuzia mgeni makalio. Halafu anakata kiuno!"

Walimu wengine waliangua kicheko. Nilikisikia kicheko cha kila mmoja, na ninaweza kuwataja mpaka leo.

"Kiuno ndicho kinachopiga mpira," alisema Mwalimu Wegesa.

"Mbele ya wazazi? Mbele ya wazee? Na mkono wa kushoto juu? Watasema shule yangu inafundisha nini? Mgeuze apige kama watoto wa watu."

"Hamisheni hema."

Kijiko kilichokuwa kinakoroga kikombe kiliacha.

"Unasema?"

"Hema, Mkuu. Lihamishieni upande wa pili. Hema ni turubai na kamba, linahamishika. Mkono wa mtoto hauhamishiki, walijaribu miaka mingi."

"Hema la mgeni rasmi lihame kwa ajili ya mtoto wa kidato cha tatu?"

"Ndiyo."

Nikabisha, kwa sababu mikono ilikuwa inaungua. Nilipoingia hakuna aliyenitazama isipokuwa Mwalimu Wegesa. "Weka chai uende darasani, Nyangeta," alisema, na sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. Nilimimina vikombe vyote kwa mkono wa kulia. Cha Mkuu nilikimimina kwa adabu zote, goti limekunjwa, na ninajuta hata ile sukari niliyomtilia.

Hema halikuhama. Tulifika Bunda asubuhi, kwenye uwanja ulio karibu na kiwanda cha kuchambulia pamba, ilikuwa msimu, nyuzi za pamba zinaelea hewani na kunasa kwenye nywele zetu. Lilikuwa limesimama pale, upande wa besi ya kwanza, la mistari ya bluu na nyeupe. Ndani waliweka sofa iliyoazimwa sebuleni kwa mtu, imetandikwa vitambaa vya kufuma, meza yenye maua ya plastiki, chupa za maji na soda zimefunikwa kwa neti. Walimu waliokuja kuteua timu ya mkoa walikalishwa kwenye benchi karibu na uzio, juani. Zamu yangu ya kupiga ilipofika nilikwenda upande wangu, nikapanga miguu, kulia kwenye mkia wa gongo, kushoto juu yake. Mrushaji alikuwa tayari. Ndipo nilipohisi mikono mabegani.

Alikuwa Mkuu. Ameingia uwanjani na viatu vyake vya kung'aa, fimbo kwapani. Alinishika mabega, akanizungusha mzimamzima kama anayegeuza kabati, akanivusha upande wa pili wa kibao. Alinitenganisha vidole na gongo, akabadilisha mikono yangu. Alifanya hivyo mbele ya shule nne, wazazi na wauza karanga. "Simama kama watoto wa watu," alisema.

Mwalimu Wegesa alikuja mbio kutoka mwisho wa uwanja. "Mkuu! Kiti kitupu! Mgeni mwenyewe hajafika!"

"Yuko njiani."

"Basi akifika mtoto atageuka! Sasa hivi anamgeuzia nani makalio, maua ya plastiki?"

"Mwalimu, ukiongeza neno moja, naitoa timu nzima uwanjani."

Alisimama. Niliona anawatazama wenzangu waliokuwa wanasubiri zamu zao kwenye mstari, wengine nao wana ndoto zao za Mwanza. Alinisogelea, akaniwekea mkono kichwani, akasema, "Piga unavyoweza, mwanangu." Nilimwona anaondoka na mgongo wake mdogo ule, na kama kuna jambo Mkuu nitamdai siku ya hukumu, ni ule mgongo.

Basi nikasimama kwa kulia, uso umeelekea hema, nikatazamana na sofa tupu. Nadhani hakuna mtu aliyewahi kupewa heshima kubwa kama ile sofa. Inzi alikuwa anatembea juu ya kitambaa cha kufuma. Mpira ulikuja, nikachanja kuni. Ukaja wa pili, na wa tatu, ambao ndio wa mwisho, nikachanja kuni. Nilijaribu kukumbuka kiuno, lakini kiuno kilikuwa kinaelekea upande wake na mikono upande mwingine. Nikatolewa. Zamu yangu ya pili Mkuu alikuwa amesimama kando ya kibao kabisa na fimbo yake, nikatolewa tena, na safari hii watu wakacheka. Zamu ya mwisho sikuinua hata gongo. Walimu wa kuteua hawakuwa na kosa, waliandika walichokiona. Waliyemchukua alikuwa msichana mzuri tu wa Butiama, simchukii.

Mgeni rasmi alifika soda zinapofunguliwa. Mechi zilikuwa zimekwisha. Alikabidhi kikombe, akapiga picha, akamuuliza Mkuu, nikiwa nimesimama kwenye mstari wa kumshika mkono, "Kwani huu ndio mpira gani?" Mkuu akacheka sana. Nikampa mgeni mkono wa kulia.

Mwalimu Wegesa hakunyamaza. Alikwenda ofisi ya elimu, akasema kwa mdomo wake yote yaliyotokea, na jibu likaja kwa haraka ambayo ofisi zile hazinaga: uhamisho, kwa pendekezo la Mkuu, kwenda Bukima, kijijini kando ya ziwa, muhula haujaisha. Alifunga virago vyake mchana tukiwa darasani. Alitaka kuondoka na magongo yake. Mkuu akasema ni mali ya shule, akayafungia stoo, na hakuna aliyecheza tena. Mimi nilimaliza kidato cha nne, nikarudi nyumbani, nikaanza kuuza misumari kwenye meza. Sisemi kwamba maisha yangu ni mabaya. Nina duka, nimesomesha watoto. Nasema tu kwamba yalikatwa mahali fulani na mtu aliyekuwa anapanga viti.

Nilikuwa namtembelea Bukima. Alizeeka kule, na watoto wa wavuvi aliwafundisha kupiga kwa vipande vya makasia yaliyovunjika, mpira wakishona kwa nyavu kuukuu. Kila nilipofika, kabla hata sijakaa, alikuwa ananipa kipande cha kasia na kusema, "Hebu." Nilipiga hewa na gauni langu la kanisani, naye alitazama nyonga zangu kwa makini kama daktari, na kusema, "Kipo. Hawakukichukua." Mara ya mwisho alikuwa hawezi kusimama. Alisema hivyohivyo akiwa kitandani.

Ndiyo maana siku ya msiba, mwongoza ratiba alipoita mwakilishi wa wanafunzi wa zamani, niliinuka kabla hajamaliza. Jeneza lilikuwa katikati ya uwanja. Upande mmoja hema la viongozi, na Mkuu kwenye sofa yake. Upande wa pili, juani, bila hata turubai, wamekaa chini watu wa Bukima waliokuja kwa lori tangu alfajiri, watoto wamejifunika khanga za mama zao. Nilipokea kipaza sauti kwa mkono wa kushoto. Nikasikia akina mama wa kwaya wakinong'ona. Nikasimama kando ya jeneza, nikapanga miguu, nikawaelekea watu wa Bukima.

"Mama huyu hakuwa mtiifu," nilisema. "Na Bukima hakuomba."

Watu wa Bukima waliinua vichwa. Nyuma yangu nilisikia springi za sofa zikilia, mtu mzito anajiweka sawa. Mwongoza ratiba alikuja kwa kunyata, ameinama, tabasamu usoni, akaniwekea mkono begani na kuanza kunizungusha taratibu, kwa heshima zote.

"Samahani mama," alisema, "tunaomba ugeuke huku. Unawapa mgongo viongozi."

Nilikaza mguu wa nyuma. Bega halikwenda.

"Hamisheni hema," nikasema kwenye kipaza sauti, kisha nikaendelea kuwaeleza watoto wa Bukima mwalimu wao alikuwa nani.